Nzi wa Januari

Kwetu Krummroda mtu haingii baa akaanza kuzungusha mkono wa salamu meza nzima kama mgombea. Unafika kwenye meza ya wenyeji, unagonga ubao mara mbili kwa vifundo vya vidole, na waliokaa wanakugongea. Umeshasalimiwa, vuta kiti. Usipogongewa, bia zipo madukani, kanunue ukanywe kwako.

Meza yenyewe ni ile ya duara kando ya jiko la vigae la kuotea moto, yenye kibao cha shaba katikati kinachosema kwamba ni ya wenyeji. Kibao ni changu mimi Gundula, mwenye baa ya Kulungu, na kabla yangu kilikuwa cha mama. Lakini nani akae hapo hilo si juu yangu. Linaamuliwa na vifundo.

Siku ya meza ile ni Jumapili asubuhi. Kengele ya kanisa ikilia, watu wa kwetu wanajua kwamba saa ya bia imefika. Volkmar Dubrau, meya wetu, hutangulia, maana anapenda kukuta viti vitupu ili achague. Anafuata Jochen Kowalik, mwenye bucha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, halafu Winfried Lauk, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye huwezi kumwambia mvua imenyesha bila kukumbushwa mwaka fulani iliponyesha zaidi. Wa mwisho ni Ottilie, mkunga mstaafu, Otti wetu. Nusu ya mji huu imeona mwanga mikononi mwake, na nusu iliyobaki imewahi kutukanwa naye. Kiti chake ndicho chenye mto mwekundu alioushona mwenyewe. Hakuna anayekikalia, hata Otti akiwa mgonjwa.

Sasa nije kwa Maik Seidler. Maik anauza madirisha. Madirisha mazuri, nisiseme uongo, ya baa hii ni yake na baridi haipiti. Shati lake lina pasi hata siku ya kufyeka majani, na anawafungulia wazee milango. Huyo ndiye aliyetuletea Chama cha Nyumbani. Wakati ule jina la chama hicho tulikuwa tukilitaja kwa sauti ya chini, kama ugonjwa wa zinaa.

Katika kampeni yake ya kwanza ya udiwani alisimama sokoni na kipaza sauti, akawasomea watu majina ya watoto wa chekechea yetu. Majina tu. Analisoma moja, anatua, anainua nyusi. Watu wanacheka. Analisoma lingine. Miongoni mwa hayo lilikuwamo Akosua. Akosua ni mjukuu wa Otti, mtoto wa binti yake Heike na Kwabena, yule Mghana muuguzi wa gari la wagonjwa. Ana pengo la meno ya mbele na magoti yenye makovu, na huja jikoni kwangu kuiba matango ya siki akidhani simwoni.

Jumapili iliyofuata Otti aliweka viganja vyote viwili mezani.

"Huyu Maik nilimtoa mimi tumboni mwa mama yake," alisema. "Alitanguliza miguu. Nilipaswa kujua tangu siku ile."

"Ni aibu, Otti," alisema Volkmar.

"Sitaki pole. Nataka hivi. Siku atakaposimama palepale sokoni, akalitaja jina la mjukuu wangu na kumwomba radhi, nitamgongea. Kabla ya hapo akija hapa asikie ubao umenyamaza. Mko nami au hamko?"

"Vifundo vyangu vikauke!" Jochen akaapa.

Winfried akataja mwaka, 1933. Volkmar akasimama kabisa, tumbo likatikisa glasi. "Baina yetu na watu wale," alisema, "kuna ukuta."

Kwetu sisi Wajerumani wa Mashariki ukuta ni neno zito. Tumewahi kuishi nyuma ya mmoja, na ulianguka siku ambayo hakuna aliyeipanga. Lakini asubuhi ile neno lilisikika vizuri, na nikawamiminia wote pombe kali ya plamu kwa gharama ya nyumba.

Maik aliingia kabla hawajaimaliza. Akaja mpaka mezani, akagonga mara mbili. Nakuapia, nilisikia povu la bia likipasuka. Akatabasamu, akaenda kukaa kwenye kile kimeza kidogo chini ya makoti, pale ambapo theluji ya watu huyeyukia shingoni mwa anayekaa.

"Bia ndogo, dada Gundi," akasema. "Na siku njema kwenu nyote."

Jumapili iliyofuata alikuja tena. Na nyingine. Anagonga, ananyamaziwa, anakwenda kwenye makoti, anatabasamu. Nimekaa nyuma ya kaunta maisha yangu yote na sijaona mtu akifanya kazi ngumu kama ile kwa uvumilivu kama ule.

Mpaka Januari moja, barafu imeganda kwenye vioo. Maik akagonga. Na kutoka upande wa Jochen kikasikika kitu. Kidole kimoja tu, cha shahada.

"Jochen," Otti akasema.

"Naam?"

"Umegonga."

"Mimi? Nimeua nzi."

"Januari?"

"Nzi wa siku hizi wana makoti, mama."

Meza ikacheka, na jambo likishachekewa limeshapita. Mimi sikucheka sana, kwa sababu ukuta wa jikoni kwangu ndio ukuta wa bucha yake, na wiki nzima nilikuwa nikisikia mashine ya soseji ikikoroma mpaka usiku. Chama cha Nyumbani kilikuwa na sherehe ya majira ya baridi, na soseji zote zilitoka kwa Jochen.

"Soseji haina chama," aliniambia nilipomgusia.

"Mkono unacho," nikamjibu. Akaniuzia nyama ya siku iliyotangulia.

Baada ya Jochen ikawa zamu ya mwalimu. Winfried hawezi kufanya jambo bila kulitafutia sababu kwanza. "Tukimnyamazia tunamfanya shujaa," alisema. "Hawa watu hushindwa kwa hoja. Acheni nikabishane naye." Akachukua glasi yake akaenda chini ya makoti. Alikaa huko mpaka madonge yake ya viazi yakapoa, akarudi na bega lililolowa.

"Nimemshinda," akatangaza.

"Kakubali nini?" Otti akauliza.

"Hakukubali kitu. Lakini amenisikiliza kwa adabu sana." Akanywa. "Ila kuna jambo moja alilosema, na lazima tuwe wakweli, kuhusu hali ya shule..."

"Tafuta mwaka wako, Winfried," Otti akamkata. "Upo mmoja unaokufaa hapo."

Jumapili mbili mbele Maik alipogonga, Winfried alikuwa katikati ya sentensi, na mkono wake ukashuka mezani, ko, ko. Alisema haikuwa salamu. Alikuwa akisisitiza hoja.

Akabaki Volkmar, na Volkmar alikuwa na tatizo la bwawa. Bwawa letu la kuogelea lilikuwa limefungwa, vyura wameshahamia na kuzaliana. Volkmar aliahidi kulifungua, na mtu aliyeahidi bwawa kwa watu wa Krummroda kisha asilete bwawa, ajue hata mkewe hatampigia kura. Barazani alipungukiwa mikono. Basi siku ya kura Maik na madiwani wenzake wakainua mikono yao, kimya kimya, kama watu wanaomsaidia bibi kizee kuvuka barabara. Bwawa likapita.

"Hatukupiga kura pamoja nao," Volkmar alinieleza kwenye kaunta, na wala sikuwa nimemuuliza. "Tulipiga kura kwa wakati mmoja, ndani ya chumba kimoja, juu ya jambo moja. Ni tofauti kabisa."

"Na ukuta?" Otti alimuuliza Jumapili ile.

"Ukuta upo palepale! Lakini hata ukuta unahitaji mlango, Otti, la sivyo utapitaje na ndoo?"

"Ndoo ya nini?"

"Ya maji ya bwawa. Sikiliza, mama, tusitie siasa kila mahali. Maji hayana rangi."

Maik akaingia, akagonga. Volkmar akagonga mara mbili, wazi, kwa kifundo cha meya. "Nimegongea bwawa," akasema bila kumtazama mtu. Na kwa kuwa meya amegonga, Jochen na Winfried nao wakagonga, safari hii bila nzi na bila hoja.

Hivyo Maik akapata kigoda pembeni ya meza. "Tumemweka karibu ili tumchunguze," Volkmar alininong'oneza. Majani yalipoanza kuchipua kigoda kikawa kiti. Walimchunguza sana. Walimchunguza mpaka wakawa wanamalizia sentensi zake.

"Unaonaje, amelainika, eh?" Winfried aliniuliza siku moja nikimwekea kabichi.

"Amelainika wapi? Mimi napita hapa na sinia, nasikia yaleyale ya sokoni."

Akafikiri. Mwalimu huyo, akipewa swali, lazima ajibu. "Siku hizi anayasema akiwa amekaa," akasema.

Otti hakuhama. Alikaa kwenye mto wake mwekundu, Maik akigonga yeye mikono ipo mapajani. Maik alimletea keki ya plamu, na yeye akaisukuma kwa Jochen.

"Yale majina, Maik," alimwambia.

"Majina yapi, mama Otti?"

"Ya watoto."

"Aaa! Yale! Mama yangu, mimi nilisoma tu. Kusoma ni kosa? Hebu mwalimu atuambie, kusoma ni kosa?"

Mwalimu akaitazama bia yake kana kwamba ndani kuna mtu anayezama.

"Yamepita hayo, Otti," Jochen akasema, mdomo umejaa plamu. "Mtu hawezi kununa miaka yote. Unaharibu meza."

Hapo ndipo nilipoona upepo umegeuka. Zamani aliyeharibu meza alikuwa yule aliye chini ya makoti.

Bwawa likafunguliwa Julai, Jumapili, jua la kukausha samaki. Bendi ya zimamoto ikapiga, watoto wamepakwa mafuta kama mikate. Utepe ulikatwa na mkasi mmoja wenye mikono miwili, wa Volkmar na wa Maik. Nilikuwa pale na pipa la bia, niliona kwa macho yangu. Langoni palikuwa na kijana mwenye fulana ya bluu na tangazo jipya: asubuhi ni kwa familia za nyumbani, wengine wote karibuni mchana.

Watu wakaingia. Wakapita wa kupita, ikafika zamu ya Akosua, kashika boya lenye umbo la bata. Kijana akamwangalia, akalitazama tangazo.

"Wewe mchana, mpenzi."

"Mimi nakaa pale," Akosua akamwambia, akinyoosha kidole. "Nyumba ile ya mlango wa kijani. Naiona kutoka hapa."

"Mchana, mpenzi. Maji yatakuwepo tu."

Otti alikuwa nyuma yake. Hakumjibu yule kijana. Alimtafuta Volkmar kwa macho, na Volkmar akaja mbio mwenyewe, jasho linamtiririka.

"Otti, usianze, tafadhali! Hujui nilivyopigana. Maik alitaka iwe kutwa nzima! Nimemshusha mpaka asubuhi tu. Asubuhi tu, Otti! Huo ni ushindi!"

"Mjukuu wangu nilimkata kitovu mwenyewe, Volkmar, kwenye nyumba ile pale."

"Ndiyo, ndiyo, na mchana ataogelea mpaka achoke."

Otti akamwachia Akosua bata wake, akapanda jukwaa la bendi, akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti. Nilidhani atatukana, na wengi walisogea karibu kwa sababu hiyo. Hakutukana. Alianza kusoma majina, bila karatasi.

"Jochen Kowalik," akasema. Akatua. Akainua nyusi. "Bibi yake alikuja hapa baada ya vita na mkokoteni na mbuzi mmoja kutoka Silesia. Watu wa hapa walimfungia milango. Aliniambia mwenyewe." Akamgeukia mwalimu. "Winfried Lauk. Mama yake alifika kwa treni ya ng'ombe kutoka Prussia ya mashariki. Walimwambia arudi alikotoka, na alikotoka hapakuwapo tena." Akamgeukia meya. "Volkmar Dubrau. Hilo jina la babu zako, mheshimiwa, ni la Kislavi. Nyinyi mlikuwa hapa kabla ya Wajerumani, hongera. Kaingie na familia za nyumbani." Hapo mmoja alicheka, akanyamazishwa na mkewe. "Na Maik Seidler. Nilimzalisha mama yake, mtoto wa hapahapa. Lakini baba! Baba alikuja ukuta ulipoanguka, na gari la madirisha, kutoka Magharibi."

Weee. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Kwetu unaweza kumwita mtu mwizi, unaweza kumwita mlevi, na mkanywa tena pamoja. Lakini mtu wa Magharibi! Masikio ya Maik yalikuwa mekundu kama soseji za Jochen, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, tabasamu lilikuwa limemtoka.

Bendi ikaamrishwa ipige.

Kufika adhuhuri baa yangu ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Mimi napenda baa ijae, sikatai. Napenda kelele, sahani, watu wakisemana. Meza ya duara ilikuwa imeketi: Volkmar, Winfried, Jochen, na Maik ambaye tabasamu lilikuwa limeshamrudia. Kiti chenye mto mwekundu kilikuwa wazi.

Mlango ukafunguliwa, Otti akaingia na Akosua mkononi. Taulo limekunjwa vilevile lilivyotoka kabatini, kavu. Nywele za mtoto kavu. Otti akaja mpaka mezani, akagonga mara mbili.

Ubao ukanyamaza.

Baa nzima ikapunguza sauti, maana watu wa Krummroda hawakosi jambo. Volkmar alikuwa akisafisha miwani. Winfried alikuwa akitafuta mwaka na hakuupata. Jochen aliitazama chupa ya haradali. Nikakumbuka barafu kwenye vioo, na mtu wa madirisha akisimama palepale aliposimama mama huyu.

Kisha mkono mmoja ukagonga. Mara mbili, taratibu. Wa Maik.

"Karibu, mama Otti," akasema, kama mwenye nyumba anayempokea mgeni. "Karibu ukae nasi. Sisi hatuna kinyongo."

"Umetugawa leo, Otti," Volkmar akasema kwa miwani yake. "Siku ya furaha ya mji mzima. Hivi hatuwezi kunywa bia bila siasa kali?"

"Mtoto hajaogelea, Volkmar."

"Mchana! Mchana si huo unakuja?"

Otti akainama, akauchukua mto wake mwekundu kutoka kwenye kiti, akaupiga vumbi kwa kiganja. Wala hakugombana. Akaenda kwenye kile kimeza chini ya makoti, ambapo Julai hapana makoti ila mwavuli mmoja uliosahauliwa, akautandika mto juu ya kiti cha Akosua ili mtoto afikie meza, na yeye akakalia ubao mtupu.

"Gundi," akaniita, "supu mbili. Na matango ya siki, ya kununua safari hii."

Akosua akanitazama, akajua kwamba siku zote nilikuwa najua.

Nilikuwa na sinia mikononi, na watu wananitazama upande huu na upande ule. Nikaliweka sinia. Nikaenda kwenye meza ya duara, nikanyoosha mkono katikati ya glasi zao, nikakichukua kibao cha shaba.

"Gundi," Volkmar akasema kwa upole, "fikiria biashara."

"Naifikiria. Kibao ni cha mama yangu, na mama yangu alizaliwa mikononi mwa mama yake Otti."

Nikakiweka kwenye kimeza kidogo, kati ya mwavuli na bakuli la supu.

"Usijali, dada Gundi," Maik akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi. "Tutanunua kingine, kikubwa zaidi." Na meza ikacheka, na baa nusu ikacheka. Nakijua kicheko kile. Nilikisikia mara ya kwanza sokoni.

Ndipo Kwabena akaingia, bado na sare ya gari la wagonjwa, kazini walimpa ruhusa aje amwone mtoto. Hakuwa anajua la asubuhi wala la mchana. Alimtafuta mkewe kwa macho, hakumwona, akamwona mama mkwe wake chini ya mwavuli pamoja na bintiye na kibao cha wenyeji. Akashangaa kidogo. Lakini amekaa Krummroda miaka mingi, na kibao kikiwa mezani anajua la kufanya. Akagonga mara mbili.

Otti akamgongea. Akosua akamgongea kwa kijiko. Mimi nikamgongea kwa vifundo, na kutoka mlangoni sijui nani akagonga fremu ya lile dirisha zuri.

Na kutoka meza ya duara kikasikika kitu. Kidogo sana. Kidole kimoja.

Maik akageuka. Volkmar akageuka. Wote wakamtazama Jochen.

"Nzi," Jochen akasema, akiwa mwekundu mpaka shingoni, akakipangusa kidole kwenye suruali. "Dada Gundi, baa yako ina nzi."

Na ilikuwa Julai, na milango yote wazi, na nzi kwa kweli walikuwapo.